Deni la Mlango wa Kumi na Sita

Mmekuja na simu zenu zinazopiga picha mita na kutuma hesabu ofisini kabla hamjashuka ngazi, halafu mnaniuliza mimi, mzee wa bisibisi, kazi hii ina siri gani. Haina siri. Ina ngazi, ina mbwa, na ina akina mama wanaokulazimisha chai wakati umebakiwa na nyumba tisa na saa kumi inagonga. Kaeni, nitawaambia ninachokumbuka. Msinikatize. Nikikatizwa nakasirika, na nikikasirika nasahau.

Mimi ni Shabani, mtu wa Tanga. Hapa Durban nilianza kwa kuchimba mitaro ya nyaya, juani, na sururu yenye mpini uliopasuka. Aliyenitoa mtaroni ni fundi mmoja Mhindi wa Chatsworth, sote tukimwita Uncle Sonny. Mtu mfupi, mkali, kalamu mbili mfukoni na ya tatu sikioni. Alinichukua kwa sababu siku moja aliniona nimezima swichi kuu na bado nikaipima waya kwa testa kabla ya kuigusa. Akasema, huyu anaogopa kufa, huyu anafaa. Basi, ndiyo ikawa interview yangu.

Uncle Sonny alikuwa na amri moja aliyoirudia mpaka niliichukia. Ukifika kwenye jengo, kabla hujafungua begi, andika namba ya mlango. Mlango kwanza, mita pili, namba iliyosomeka tatu, na jina la mtu mwisho kabisa kama kuna nafasi. "Mtu anahama, Shabani," alikuwa akisema, "anaoa, anafukuzwa, anakufa. Mlango uko palepale." Mimi nilikuwa kijana, nikaona mzee anapenda tu kuandika.

Nilivyolipwa kwa ujinga huo msicheke sana. Queensburgh kulikuwa na nyumba ya kukatiwa umeme, na mimi ndiye niliyekwenda kuikagua siku iliyotangulia. Badala ya namba nikaandika "nyumba ya mbwa mweupe". Kumbe mtaa ule mbwa weupe wawili, ndugu wa tumbo moja! Mwenzangu akaenda kesho yake, akakata nyumba ya jirani, na ndani mama wa watu ana keki ya harusi kwenye oveni. Uncle Sonny hakunipigia kelele. Alinipeleka mwenyewe mpaka jikoni kwa yule mama, akaniambia omba radhi. Mama akanikatia kipande cha ile keki, nje imekauka na katikati uji mtupu, akasimama kifua mbele mpaka nikaimaliza. Nilikula yote, na mayai mabichi ndani. Mpaka leo harusini sigusi keki.

Ungedhani nilijifunza siku hiyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu lilivunjikia Greyville, miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima mwenye mvi, Uncle Sonny ameshastaafu na mimi ndiye ninayeitwa mzee.

Kulikuwa na jengo karibu na uwanja wa mbio za farasi, ghorofa nne, lifti yake imekufa tangu enzi na enzi. Wapangaji karibu wote Wakongo. Wa saluni, wa maduka ya simu, walinzi wa magari, watu wa kazi na wa kusali. Mkongo wa jengo lile hakuruhusu uingie mlangoni utoke na njaa. Umeme wao wauitao kuran ulisimamiwa na kampuni moja iliyoweka mita za zamani, zile zenye gurudumu linalozunguka, zote ndani ya kabati moja la chuma pale chini kwenye ujia. Ile mita ya gurudumu niliipenda, nasema kweli. Ukisimama mbele yake dakika moja unajua ndani ya nyumba kuna nini. Likitambaa, watu wako kazini. Likikimbia, kuna mtu anapiga pasi au tangi la maji limewaka.

Basi mwenye jengo akaamua kubadili. Akaiacha kampuni ya zamani, akachukua nyingine ya mita za tokeni, zile za kununua uniti dukani na kubonyeza tarakimu ishirini. Sisi wakandarasi ndio tuliotumwa kuzifunga. Na hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo madeni yasiyo na baba wala mama yanapozaliwa. Siku ya kubadilisha, mita ya zamani inasomwa mara ya mwisho. Namba hiyo ndiyo inayofunga hesabu na kampuni ya kwanza. Kama mtu alikuwa anadaiwa, deni linahamia kwenye mita mpya na linakatwa kidogo kidogo kila anaponunua tokeni. Kama alilipa zaidi, anarudishiwa uniti. Kwa hiyo namba ile lazima isomwe mbele ya mpangaji mwenyewe, aione kwa macho yake, na apige picha. Mkiwa mmesahau yote nitakayosema leo, hilo mlibebe.

Mimi siku ile ilikuwa Ijumaa. Nina milango ishirini, na nataka kuwahi msikitini. Kabati la chuma halikufunguka, ufunguo umepotea miaka, tukalikata kwa grinda. Hilo peke yake lilitosha kuniamsha. Kama kabati halikuwahi kufunguliwa, basi wasomaji wa kampuni ya zamani walikuwa wanasoma nini kila mwezi? Hawakuwa wanasoma kitu. Walikuwa wanakadiria. Mwaka jana ulitumia hivi, basi na mwaka huu hivi hivi. Nikaliona, nikacheka, nikaendelea. Nikasoma namba za mwisho, nikanakili majina yaliyobandikwa chini ya kila mita ya zamani. Nikapanda ngazi kufunga mita mpya, kila mlango nauliza, "Hapa anakaa nani?" na kuandika jina. Safu ya namba ya mlango nikaiacha tupu. Nikajiambia majina yatatosha, ofisini watayalinganisha.

Baada ya miezi miwili nikapigiwa simu na Mama Zawadi wa chini, mlango wa pili. Mjane wa Bukavu, mnene, miaka sitini na kitu, magoti mabovu. Aliishi kwa kuuza samaki wa barafu kutoka kwenye friza kubwa lililojaza nusu ya sebule. Namba yangu aliikuta nimeiandika kwa kalamu ubavuni mwa mita.

"Papa Shabani, kuja uone," akasema. "Hii masini yenu inakula franga yangu. Natia hundred rand, inanipa kuran ya fifty. Ile ingine inaenda wapi?"

Nikaenda. Akanionyesha karatasi ya tokeni na barua. Deni la zamani, six thousand four hundred rand. Nusu ya kila anachonunua inakatwa, na kama mwisho wa mwezi ujao hajapunguza hata theluthi yake, mita inafungwa.

"Mi niko peke yangu," akasema. "Iko frigo, iko lampe, basi. Napikaka mara moja ku siku. Six thousand nilikula na nani?"

Friza lile lilikuwa kodi yake ya nyumba. Mita ikifungwa samaki wanaoza, samaki wakioza hana cha kumpa mwenye jengo, na magoti yale hayangempeleka kuanza upya mahali pengine. Alikuwa ameshaanza kulizima friza mchana na kulifunika mablanketi kulinda baridi. Mama mzima analivisha friza blanketi.

Mimi nikajifanya daktari. Nilimzimia kila kitu ndani, nikachungulia kitaa chekundu cha mita. Kikiendelea kupepesa na nyumba imezimwa, jueni kuna anayenyonya. Hakikupepesa. Nikashuku friza. Nikasema, mpira wa mlango umechoka, baridi inavuja, tutoe samaki nilikague. Tukawatoa samaki wote, tukawapanga juu ya magazeti mpaka ujiani, jengo zima linapita linaziba pua. Mpira wa friza ulikuwa mzima kuliko mgongo wangu. Nikamrudishia samaki mmoja mmoja, jasho linanitoka, na yeye ameketi ananiangalia kwa huruma.

"Usijali, Papa," akasema. "Ni majaribu yangu. Bengine Mungu anabakumbuka. Bale batoto ba juu, Faustin na Mama Nathan, balitoa ushuhuda ku kanisa. Masini yabo mupya ilikuja na kuran ya bure ndani! Two thousand rand na kitu! Tulipiga makofi, tukaimba."

"Ya bure?"

"Ya bure! Neema."

Wanangu, nimefanya kazi ya umeme maisha yangu yote. Umeme unaoshuka kutoka mbinguni ni mmoja tu, nao ni radi.

Nikamuuliza hawa Faustin wanakaa mlango gani. Akasema wa kumi na sita, juu kabisa. Halafu akaongeza, kama mtu anayekuambia ameazima chumvi, "Ile ilikuwaka yangu mbele."

Hapo ndipo mambo yote yakatoka. Mwaka wa Kombe la Dunia, Mama Zawadi alikuwa anakaa juu, mlango wa kumi na sita, na lifti ikafa. Magoti yakamshinda. Kuna wiki hakushuka kabisa. Faustin alikuwa kijana wa duka la simu, mkewe Mama Nathan ni msusi, watoto watatu, wanakaa chini mlango wa pili. Hawakuwa ndugu zake, ni watu wa kanisa moja tu. Siku moja Faustin akapanda na wenzake wanne, wakabeba kitanda cha mama, sufuria za mama, na mama mwenyewe juu ya kiti, wakamshusha chini kwao. Wao wakahamia juu. Wakabadilishana milango kama watu wanavyobadilishana viti kwenye ibada ili mgonjwa akae karibu na mlango. Hawakumwambia wakala wa jengo, hawakubadilisha karatasi. Na kila mwezi bili zilipoletwa, kila mtu akalipa ile yenye jina lake, kwa uaminifu kabisa!

Mmeelewa lilivyokaa? Bili ya Mama Zawadi ilikuwa ya mlango wa kumi na sita, na kampuni ya zamani iliendelea kukadiria kama vile bado anakaa kule bibi mmoja na taa yake. Kumbe kule juu kuna watu watano, pasi, oveni, na tangi la maji ya moto halizimwi. Bili ya Faustin ilikuwa ya mlango wa pili, ikakadiriwa kama vile chini bado kuna watoto watatu wa kuoga. Miaka miwili hivyo. Mimi nilipokuja kusoma namba za kweli, mlango wa kumi na sita ukaonekana umekula deni, na mlango wa pili umelipa zaidi. Laiti ningaliandika milango, kila kitu kingalibaki pale kilipo. Lakini nilikuwa nimeandika majina. Ofisini wakafuata jina, deni likashuka ngazi zote kumfuata Mama Zawadi, na uniti za bure zikampanda Faustin.

Nilikwenda garini nikatoa nakala ya fomu yangu chini ya kiti. Safu ya mlango, tupu tangu juu mpaka chini. Nilimkumbuka Uncle Sonny na kalamu zake tatu, nikasema lahaula.

Nikarudi ndani nikamweleza Mama Zawadi, taratibu, nikichora kwenye gazeti la samaki. Nilidhani atafurahi. Akalikunja lile gazeti, akasema, "Sasa nyamaza."

"Ninyamaze vipi, Mama? Deni si lako."

"Bale batoto balinipa mlango yabo. Balinibeba, Papa Shabani, na mikono. Unataka mi nibatumie deni juu? Wakala akijua tulibadilisha, atatufukuza bote. Nyamaza. Nitalipa."

"Utalipa na nini?"

"Na samaki," akasema, na akafunga mjadala kwa kunifungia samaki wawili kwenye mfuko.

Nilinyamaza wiki nzima. Nawaambieni bila kujipamba, sikunyamaza kwa ajili yake tu. Nilijua nikisema, kosa ni langu na lina saini yangu. Nilikuwa na miaka mitatu kufikia kustaafu. Nililala vibaya, nikala wale samaki na hawakunishuka vizuri. Jumatatu iliyofuata nikapita pale kwa kisingizio cha kukagua mita, nikamkuta anatupa ndoo nzima ya samaki waliolegea. Nikasema liwalo na liwe.

Msimamizi wetu ofisini alikuwa dada wa Kizulu, Nomusa, umri wa binti yangu, na akikutazama unajikagua kama umevaa viatu sawa. Nikamwekea fomu mezani. Nikasema, safu hii niliiacha tupu, nilikuwa na haraka, na kuna mama anakufa na deni lisilo lake.

Akaisoma. "Eish, Baba Shabani," akasema. "Wewe? Wewe unayewafundisha wengine?"

Nikamuuliza kuhusu kubadilishana milango, kama watafukuzwa. Akasema kampuni ya umeme haijali nani analala wapi, inajali mlango unalipa au haulipi, na wakala naye hivyo hivyo. Basi ile hofu yote ya Mama Zawadi ilikuwa swali la dakika mbili. Kuuliza si ujinga, lakini sisi wageni wa nchi tumezoea kukaa kimya, tukidhani kila dirisha la ofisi lina mtego. Nomusa akanipa barua ya onyo na siku tatu bila malipo. Akasema masahihisho yataingia Ijumaa. Deni litarudi mlango wa kumi na sita, uniti zitarudi mlango wa pili. "Uwaambie wewe mwenyewe," akasema, "wasije wakaliona kwenye mashine."

Nilipomwambia Mama Zawadi, alinifokea mpaka majirani wakatoka. Akasema nimemuuzia watoto. Akasema nilikula samaki yake na mdomo ule ule ukaenda kusema. Nikamwambia nakwenda juu sasa hivi kuwaambia. Akasimama, akashika ukuta.

"Wewe usiende peke yako," akasema. "Leta kiti."

Nilidhani anataka kuketi. Kumbe anataka kupanda.

Basi mbele mama, nyuma mimi na kiti cha plastiki. Ngazi tano, anapumua. Ngazi tano nyingine, anashika chuma. Kila tulipofika ghorofa namwekea kiti, anaketi, anajifuta uso kwa kitenge, mimi nasimama kama mlinzi. Ghorofa ya pili nikamsihi turudi. Akaniambia kama nimechoka nimpe kiti akibebe mwenyewe. Ghorofa ya tatu alilia kidogo, kwa maumivu tu, na akanikataza kumtazama. Tulitumia karibu saa nzima. Miaka miwili hakuwa amekanyaga hata ngazi ya kwanza.

Faustin alipofungua mlango na kumwona, alishika kichwa. "Mama! Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa. Nipe maji."

Aliketi kwenye kile kiti changu, palepale mlangoni, akanywa maji, akawaeleza yote. Jinsi kuran ya bure haikuwa ya bure, na jinsi deni linarudi Ijumaa. Sikuongeza neno ila kusema kosa ni langu. Mama Nathan alikaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa mikono. Walikuwa wamesimama mbele ya kanisa zima wakamshukuru Mungu kwa pesa zao wenyewe, na huku chini mama yao analipa kuran yao. Faustin alianza kusema atashuka kila siku kuomba msamaha, atashuka kwa magoti, sijui nini na nini.

Mama Zawadi akamkatiza. "Nimepanda mimi," akasema, "ju nyinyi musishuke na haya. Munasikia? Mulinibeba ku ile ngazi yote. Sikuja kudai. Nilikuja kusema tuko wamoja, na ile deni tutaitafuna wote."

Pale, wanangu, nilitoka nikasimama ujiani nikijifanya naangalia nyaya. Machozi yalinitoka, na sina haya kuyasema.

Dawa ya deni kulipa, lakini walilipa kwa akili. Mimi nikawachorea. Kinachokula umeme kwenye nyumba si taa, nawaambieni kila siku, ni tangi la maji. Nikalizima la juu kwenye ubao wa swichi. Chini kwa Mama Zawadi zimerudi zile uniti za two thousand na kitu, na maji ya moto anayo, hana wa kuyaoga. Tukakubaliana watoto watatu washuke kila jioni kuoga kwake, mpaka deni liishe. Basi ukipita jengo lile saa kumi na mbili unakutana na taulo tatu zinashuka ngazi, na ndogo yao ya mwisho inaburuzwa. Wakishaoga wanakula, wakishakula wanafanya hesabu za shule juu ya mfuniko wa friza. Faustin naye akawa kila wiki anamnunulia mama tokeni ya maji yale, asije akagharamika. Mama Zawadi alianza kulalamika. Watoto wanamwaga maji, watoto wanamaliza samaki, huyu mdogo hana adabu. Alilalamika na uso umemng'aa.

Nilipita pale mara ya mwisho karibu na kustaafu. Sikupitia jengo lingine lolote kuaga, lakini lile nililipitia. Nilianzia juu, kwa mazoea ya kazi, nikaomba karatasi ya tokeni nione wamefika wapi. Nikatazama mstari wa deni, sifuri. Nikatazama ya mwezi uliotangulia, sifuri vilevile.

"Iliisha mwezi wa tatu," Mama Nathan akaninong'oneza, ijapokuwa tulikuwa wawili tu. "Usimwambie Mama. Akijua, atasema batoto babaki huku juu. Mwenyewe anabaki na nani?"

Nikashuka. Mama Zawadi alinifungulia, jikoni sufuria kubwa inachemka, taulo tatu zimeanikwa juu ya friza. Akaniwekea chai kabla sijakaa. Tukaongea habari za kustaafu kwangu na za bei ya samaki. Nilipoinuka kuondoka akanishika mkono wa shati, akaangalia kwanza mlango kama umefungwa.

"Papa Shabani, wewe ndiyo unajua kusoma ile masini," akasema. "Niambie kweli. Deni ya bale batoto, bado iko?"

Alikuwa ameshika ule mkono wangu kwa nguvu, na nyuma yake kuna sahani nne mezani.

"Bado, Mama," nikamwambia. "Tena bado nyingi."